Ng'ombe wa Serikali

Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, habari hutufikia redioni ikiwa imevaa suti: waombaji wenye sifa stahiki wanahimizwa kuwasilisha maombi yao kwa njia ya mtandao kwa kuzingatia mwongozo uliotolewa. Ukiisoma hewani hivyo hivyo, hakuna atakayekulaumu, na hakuna atakayekuelewa. Sentensi hiyo imekuwa ikiniudhi tangu nilipoanza kazi hii. Nimesoma na wasichana walionizidi darasani ambao leo wanauza dagaa sokoni, si kwa sababu walifeli, bali kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na mtu aliyejua kwamba kuna mlango, achilia mbali kujua unafunguliwaje. Hasira hiyo sijaimaliza, na sina mpango wa kuimaliza.

Redio yetu iko Somanda, mjini Bariadi, katika nyumba ya kupanga ambayo zamani ilikuwa duka la vifaa vya ujenzi. Kuta za studio tumezibandika trei za mayai ili zimeze mwangwi, lakini bodaboda hazimezeki. Wapo wasikilizaji wanaoamini kabisa kwamba ile honi ni sehemu ya kipindi. Mhariri wetu ni mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: anaogopa barua kutoka juu. Kwa kuwa sheria za utangazaji zinatutaka tuzungumze Kiswahili hewani, neno moja la Kisukuma likimponyoka mpigasimu, yeye huanza kusogeza kidole kwenye kitufe cha kupunguza sauti kama mtu anayetaka kuua mbu.

Msimu ule nilimwomba kipindi cha mikopo kila asubuhi hadi dirisha lifungwe. Alinijibu kwamba asubuhi ni ya bei ya pamba. Nikamwambia watoto wa hao hao wauza pamba ndio wanaomaliza kidato cha sita. Akasema nitampa presha. Nikamwambia presha anayo tayari, mimi naomba dakika kumi na tano tu. Akanipa, akasema mimi ni king'ang'anizi. Nililipokea kama cheo.

Kipindi kilikwenda vizuri mpaka asubuhi alipopiga simu mzee mmoja kutoka Maswa. Alikuwa na sauti ya kupendeza, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Akasema sisi watangazaji tunazungusha maneno, yeye atawaeleza wenzake kwa lugha ya nyumbani.

"Huu mkopo ni ng'ombe wa kutunziwa," alisema. "Serikali inakukabidhi ng'ombe. Unamtunza, maziwa unakunywa wewe. Siku mwenyewe akimtaka, anakuja kumchukua. Basi, habari imekwisha."

Asiyeijua desturi yetu nimweleze hapa. Kwetu mtu mwenye mifugo hawaweki wote zizini kwake. Wengine huwapeleka kwa rafiki au ndugu, naye huwatunza, hunywa maziwa, hutumia samadi shambani, lakini ng'ombe na ndama wao hubaki kuwa wa mwenyewe. Ni njia ya kujikinga na ukame, magonjwa, wezi na macho ya watu. Na mwenye ng'ombe akija siku yoyote, hata bila kupiga hodi ya maana, mtunzaji hana la kubisha.

Nilicheka, nikamshukuru mzee, nikaingia kwenye matangazo. Mhariri alinyanyua dole gumba nyuma ya kioo. Alikuwa amefurahi kwamba kwa mara ya kwanza kipindi changu kimesikika kama kipindi.

Siku chache baadaye simu zikaanza kubadilika. Mama mmoja aliuliza kama ni kweli mtoto wa kike akipewa mkopo hawezi kuolewa bila ruhusa ya serikali. Mwingine aliuliza serikali inawapeleka wapi watoto ikishawachukua. Mwanzoni nilidhani wananitania. Kisha akapiga binti kutoka Mwamanyili, upande wa Busega, kwa simu ya kuazima. Hakutaka kuzungumza hewani. Alisubiri kipindi kiishe, akaniambia moja kwa moja.

"Dada, baba amekataa kunidhamini. Anasema hawezi kutia saini nigeuke ng'ombe wa serikali."

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mzee wa Maswa alikuwa amesema ng'ombe, lakini hakusema ng'ombe ni nani. Watu sokoni na visimani walijaza wenyewe. Kinachoondoka nyumbani ni nini? Ni mtoto. Kinachonenepeshwa kwa gharama za serikali ni nini? Ni mtoto. Basi ng'ombe ni mtoto, na mwenyewe atakuja siku yoyote kumchukua, na baba atakuwa ametia saini. Kwa mtu anayeijua desturi, hesabu ilikuwa imekaa sawa kabisa. Ndiyo maana ilisambaa haraka kuliko mimi na mwongozo wangu.

Binti alikuwa amefaulu vizuri, anataka kusomea ualimu wa sayansi. Kila kitu alikuwa nacho isipokuwa saini hiyo moja. Dirisha lilikuwa linakaribia kufungwa. Nilimuuliza kama hana mjomba au ndugu mwingine wa kumdhamini.

"Wapo, dada. Lakini nikimzunguka baba nitakuwa nimeondoka nyumbani kweli kama anavyosema. Sitaki."

Jibu hilo lilinikaa kifuani siku nzima. Nilimwahidi kwamba sitamtaja yeye wala baba yake mahali popote. Akaniambia baba yake hakosi mnada wa ng'ombe wa kwao, na kwamba huvaa pama jeusi kichwani.

Nilijaribu kwanza kusahihisha hewani. Nilieleza kwa Kiswahili changu bora, asubuhi tatu mfululizo, kwamba mtoto si ng'ombe. Matokeo yake ni kwamba mpigasimu mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama serikali ndiyo imenituma niseme hivyo. Maji yakishamwagika hayazoleki, hasa ukijaribu kuyazoa kwa lugha ya ofisini. Nikamfuata mhariri nikamwambia naomba dakika tano za Kisukuma.

"Unataka tufungiwe?"

"Nataka tueleweke."

"Hapana," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Hewani, hapana."

Nilimwangalia nikamwona ana haki. Redio ikifungiwa, hata bei ya pamba haitasikika. Lakini alikuwa amesema hewani. Mnadani si hewani. Na wahenga walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilimwomba ruhusa ya siku moja, akanipa bila kuuliza niendako, jambo lililonionyesha kwamba anajua.

Nilipanda basi la kuelekea Lamadi, nikamalizia kwa bodaboda. Ilikuwa kiangazi, mashamba yamebaki na mabua ya pamba tu, na nilifika mnadani nikiwa na rangi moja na barabara. Wachuuzi walikuwa wanachoma nyama, madalali wanapiga kelele, ng'ombe wanapiga kelele zaidi. Nilimtafuta msimamizi wa mnada, nikamsalimia kwa Kisukuma, nikamwomba kipaza sauti chake kwa muda mfupi kabla ng'ombe wakubwa hawajaanza kuuzwa. Aliisikia sauti yangu akaishtukia.

"Mayu, wewe si yule wa redio? Mbona mfupi hivi?"

"Redioni nakalia kiti kirefu, baba."

Akacheka, akanipa kipaza sauti.

Niliogopa, nakiri. Hewani unazungumza na trei za mayai. Pale walikuwa wanaume wamejiegemeza kwenye fimbo zao, wananitazama kama wanavyotazama meno ya ng'ombe kabla ya kununua. Nilimwona mwenye pama jeusi, amesimama pembeni kidogo. Nikajitahidi nisimtazame.

Nilisema kwa Kisukuma, bila mapambo. Nilisema nimekuja kwa ajili ya ule mkopo wa kusoma chuo kikuu. Nilisema mzee aliyeuita ng'ombe wa kutunziwa alikuwa na nia njema, lakini aliuacha mfano uende peke yake bila mchungaji. "Ng'ombe si mtoto," nilisema. "Ng'ombe ni ile ada, na chakula cha mtoto, na malazi yake huko chuoni. Mtunzaji ndiye mtoto. Maziwa ni ile elimu. Na siku ya kurudisha, kinachorudi ni fedha, si binti yako wala kijana wako."

 Kisha mtu mmoja wa mbele akauliza swali ambalo afisa yeyote wa mjini angelichukulia kuwa ni mzaha. Kwetu ng'ombe wa kutunziwa akifa, mtunzaji humpelekea mwenyewe ngozi, na ngozi hiyo hufunga maneno, hadaiwi tena.

"Sasa mtoto akifeli huko chuoni, tunapeleka ngozi gani?"

Wengine walicheka, yeye hakucheka. Ningeweza kulikwepa. Nilikuwa nimekuja kuwatuliza, na jibu la kweli halikuwa la kutuliza. Lakini nilikuwa nimeshaona nusu ya maneno inavyozaa, na sikutaka kuacha nusu nyingine pale.

"Hakuna ngozi," nilisema. "Akifeli, kile alichokwisha kutumia kinabaki deni lake. Akikosa kazi, deni linamsubiri. Akipata kipato, anaanza kukatwa mpaka amalize. Na nisiwadanganye: kuomba si kupata. Wapo watakaopewa kidogo, wapo watakaokosa."

Minong'ono ikapanda. Watu wawili waligeuka wakaondoka kabisa. Nikajiambia, haya, umetoka Bariadi kwa nauli yako kuja kuharibu zaidi. Ndipo mwenye pama jeusi akapiga hatua mbele.

"Hapo umesema kama mtu mzima," alisema. "Redioni mnatupa maziwa tu. Sasa niambie. Ng'ombe ni ada. Mtunzaji ni mtoto. Mimi ninayetia saini, mimi ni nani?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa nikiwa kazini.  Nikamrudishia.

"Baba, unapompa mtu ng'ombe wako amtunze, mnakuwa wawili tu?"

"Hapana. Lazima awepo shahidi."

"Kazi yake nini?"

"Aone. Kesho kukiwa na maneno, aitwe, aseme alichokiona."

"Na maneno yakitokea, zizi la shahidi linavunjwa?"

Watu waliangua kicheko. Yeye alitikisa kichwa taratibu, kana kwamba swali lenyewe lina utovu wa adabu.

"Basi baba, mdhamini anafanana na huyo. Anasema: huyu namjua, kwao ni hapa, mkimkosa njooni mniulize. Na akimwona anazembea kulipa, amkumbushe. Hakuna mahali kwenye fomu panapotaka aweke rehani ng'ombe wala shamba. Msiniamini mimi. Fomu ina maelezo yake, mwambieni mtoto awasomee yote, na asiruke hata mstari."

Hakutabasamu. Alitazama chini, akachora kitu vumbini kwa ncha ya fimbo, akakifuta kwa mguu.

"Shahidi mbaya huaibisha ukoo," alisema. Kisha akageuka akaenda kuangalia ng'ombe wake, na mimi nikarudisha kipaza sauti.

Njia nzima ya kurudi niliyageuza maneno hayo. Je, alimaanisha kwamba amekubali, au kwamba mzigo wa ushahidi ni mkubwa mno kwake? Sikuwa na namna ya kujua, na kwa kuwa nilikuwa nimeahidi kutomtaja, sikuweza kumfuata. Nilikasirika, nikajikasirikia, nikamkasirikia hata yule dereva wa bodaboda aliyekuwa anapiga mluzi. Lakini asubuhi iliyofuata nilikuwa studio mapema, na nikavunja mtindo wangu wa zamani. Niliacha kuanza na faida. Nilianza na deni: ni la nani, linaanza kulipwa lini, linakuwaje mtu akifeli. Kisha ndipo nikasema jinsi ya kuomba. Simu zilizopigwa siku hiyo zilikuwa za watu wanaouliza, si za watu wanaoogopa. Mhariri aliniongezea dakika bila kuombwa, akisingizia kwamba bei ya pamba haijabadilika.

Asubuhi ya mwisho kabla dirisha halijafungwa nilikuwa hewani, sauti imekauka, nikiwahimiza waliobaki. Simu ikaita. Niliijua sauti kabla hajajitambulisha.

"Dada, maombi yangu yameingia."

Moyo ulinipiga hadi nikahofia kipaza sauti kitauchukua. Nilimuuliza kama ninavyowauliza wote, kwa sauti ya kazi: "Mdhamini ulimpata?"

 Nilisikia simu ikipita mkono hadi mkono, kuku akilia karibu, kisha sauti nzito ya mtu asiyezoea simu, akipaza kana kwamba anataka Bariadi imsikie bila mitambo. Alisalimia, "Mwangaluka," na akaendelea kwa Kisukuma kitupu.

"Shahidi ni mimi. Nimeusoma mkopo wote, binti amenisomea mpaka mwisho. Huyu ni mwanangu, kwao ni hapa, atakwenda na atarudi kwa miguu yake. Anayesema nimemuuza, mnadani sikosi, aje aniulize."

Nyuma ya kioo nilimwona mhariri akisogeza kidole kwenye kitufe. Kikafika. Kikakaa. Alikuwa anamsikiliza yule baba huku ameinamisha kichwa, na mara nikakumbuka kwamba naye ni mtoto wa wafugaji. Akakiondoa kidole polepole, akaukunja mkono wake mapajani.

Binti kupata au kukosa, hilo lilikuwa bado mbele yetu. Kanuni inanitaka nitafsiri maneno ya namna ile mara moja kwa Kiswahili, na kila siku hutafsiri. Asubuhi ile sikutafsiri. Waliokuwa wanayahitaji walikuwa wameshayaelewa.