Kengele Iliyoachwa Majanini

Kalama wa Jefwa ndiye aliyepiga kengele ya kanisa letu, huku kijijini nyuma ya Tezo, tangu mnara ulipokamilika. Aliujenga na wanaume wenzake kwa mawe ya matumbawe. Mkewe, Kahonzi, alichoma chokaa na akina mama, wakaikanda hadi ikawa laini kama uji. Siku hizo, kila baada ya masika, wanawake waliupaka mnara chokaa upya. Aliyekosa aliulizwa. Leo nani anamwuliza mtu lolote?

Kazi kubwa ya kengele haikuwa ibada. Mtu akifa, Kalama aliipiga taratibu, na mashambani majembe yakawekwa chini. Hakuna aliyelima maiti ikiwa haijazikwa.

Mwaka 1983 kamati ilileta saruji.

"Akina mama, sasa pumzikeni," alisema Baya, mwenyekiti. Wakapiga vigelegele. Kalama mwenyewe alipanda jukwaa la mafundi akasaidia kupiga lipu, na sote tulifurahi. Lakini saruji iliufunga ukuta. Mvua ikaingilia juu, maji yakakosa pa kutokea, chokaa ya ndani iliyoshika mawe ikawa tope. Masika ya tatu ufa ukashuka kutoka dirisha la kengele hadi mlangoni. Kengele ikashushwa, ikawekwa majanini, mnara ukabomolewa.

Wakati huo Kahonzi alikuwa kitandani, tumbo limemvimba.

"Mimi nikifa, watu utawaita kwa kitu gani?" alimwuliza mumewe.

"Kwa kengele."

"Basi usiipige kama unavyolima. Watafika nimeshaoza."

Walicheka wote wawili. Kulipokucha, Kalama akaenda kwa Baya.

"Mwanangu, nguzo mbili tu na boriti ya kuitundika."

"Subiri, mzee wangu, tumalize mabati ya kanisa. Na siku hizi vifo vinatangazwa redioni."

"Kwa Nzai kule ng'ambo ya bonde kuna redio?"

"Tutakuita, mzee."

Hakuitwa. Kahonzi alikufa wakati wa palizi, asubuhi. Aliyetumwa kwa baiskeli aliwafikia wa kando ya barabara tu, na kwetu mfiwa hapiti mashambani kujitangazia msiba wake. Kalama akaenda kanisani. Kengele ilikaa mdomo chini, nyasi zimeizunguka. Aliokota jiwe la mnara akaigonga ubavuni. Ikalia kama chungu kilichojaa maji. Akagonga, akagonga, hadi jiwe likamvunjikia mkononi. Ng'ambo ya bonde migongo ya watu iliinama na kuinuka. Halikusimama hata jembe moja.

Joto lilikuwa kali, maiti haikuweza kungoja. Tulimzika alasiri, tukiwa wachache hata wa kupokezana jeneza hawakutosha.

Kesho yake Nzai alifika, jembe begani.

"Pole, mzee. Tulikuwa tunalima. Hatukusikia kitu."

"Najua," Kalama akasema. "Niliwaona."