Mukamwana wangu amewaambia wageni kama sijui tena kupika lengalenga

Admin, weka kisa yangu, lakini jina uliache. Miye ni koko, nimepita miaka makumi sita na kitu, bwana yangu alikufa zamani. Naishi Kasha, huku Bagira, kwa mutoto wangu wa kwanza, na bibi yake, na mujukuu wangu Divine. Masomo sikufika mbali, naandika na kidole kimoja. Anayetaka kucheka maandishi yangu acheke kwanza amalize, kisha asome.

Mukamwana wangu, huyu Mama Divine, alikuja kwetu hajui mboga. Simusingizii. Kwao kulikuwa mutumishi. Lengalenga, ile muchicha yetu, alikuwa anaitupa mu sufuria imejaa maji na kuiacha itokote mupaka inakuwa kama dawa ya ng'ombe. Sasa kwetu Miti, bibi mupya hapewi mwiko bure. Wazee wa bwana wanakuja, anawapikia yeye mwenyewe bugali na mboga. Hapana nyama, sababu nyama hata mutu asiyejua inamusaidia. Wakitosheka, njo mama mukwe anamupatia mwiko mbele ya wote. Wasipotosheka, anaendelea kukula ku mafiga ya mama mukwe kama mutoto.

Siku yake ilipofika nilimukuta jikoni analia. Mboga imeungua chini, juu iko mbichi, na wazee wako salon wananawa mikono. Nikafunga mulango. Nikamwaga ile uchafu, nikachuma ingine nyuma ya nyumba, nikaichemsha kidogo tu, nikaikamua, nikakaanga kitunguu na tomati mu mawese, na mwishoni nikatia karanga ya kutwanga. Nikamuambia, "Panguza macho, beba." Akabeba. Wazee walikula mupaka wakapanguza sahani na bugali. Nikatokea kama mutu aliyekuwa amelala, nikamupatia mwiko na mikono hii yangu. Hata leo hakuna aliyejua, ni yeye na miye.

Tangu hapo mboga ya nyumba hii ni miye. Sombe ni miye, matembele ni miye, bishusha ni miye. Anatoka kazini amechoka, sikuona ubaya. Anabeba sahani kutoka jikoni ya nyuma mupaka ku meza, wageni wanamusifu, anajibu merci. Niliacha, nilijisemea ni mutoto wangu.

Basi Jumapili iliyopita wamama wa shirika walikuja kusali kwetu. Kiisha sala wakakula. Nikatoka kuwasalimia, vidole bado viko kijani. Mumoja akaniuliza kwa upole, "Koko, na weye unapikaka?"

Sijafungua kinywa, mukamwana akaniwahi. "Koko hawezi tena. Mikono inamutetemeka, anatia chumvi mara mbili. Tunamuachiaka tu kuchambua majani, ajisikie iko na kazi."

Wakacheka. Hapana cheko mubaya, ile ya kumuhurumia muzee, na hiyo njo iliniuma zaidi. Nikamuangalia mutoto wangu. Alikuwa na lengalenga yangu mu kinywa. Akameza, akasema, "Mama, enda upumzike. Hapa mwenye mboga ni bibi yangu."

Huyo mutoto nilimulea na lengalenga. Baba yake alipokufa hatukuwa na kingine cha kutia pembeni ya bugali. Alikuwa analamba sufuria mupaka masizi inabaki ku pua. Mukamwana ni mutoto wa watu, anaweza kunitupa. Lakini yule?

Wageni walipoenda nilimuita. Nikamuuliza kama alijua ile mboga ni ya nani.

"Nilijua, mama. Ningesema nini mbele ya batu?"

Ungesema ukweli, mupumbavu weye. Ndivyo nilimujibu, na sirudishi neno.

Sasa angalieni kinachonileta hapa. Jumapili inayokuja Divine anapokea komunyo ya kwanza. Mama ya mukamwana anapanda kutoka Uvira na ndugu zake wote. Juzi mukamwana akaja jikoni, sauti imekuwa asali. "Mama, utatupikia ile lengalenga. Bokilo wako, mama yangu na ndugu zangu, wanaijua kwa sifa tu. Ila saa ya kukula ubakie huku nyuma, wasikuone na sufuria." Nikageukia majani yangu. Na Divine, masikini, ameisha kunionyesha kiti pembeni yake. Anasema, "Koko, utakaa hapa."

Nikipika, nitasikia sherehe ya mujukuu wangu kupitia ukuta, na kile kiti kitabakia wazi. Nisipopika, mukamwana ataunguza mboga mbele ya mama yake mwenyewe, na mutoto atalia siku yake. Na nikisema mbele ya bokilo ile mambo ya mwiko, wazee wa Miti watasema aliingia kwetu kwa udanganyifu, na udanganyifu ule ni miye niliupika ku babula yangu ya makaa.

Musiniandikie "samehe tu, koko." Wengi wenu muko na mama jikoni ya nyuma, na sahani yake munaibeba mbele kama yenu. Nawajua. Musome na haya.

Lengalenga iko nyuma ya nyumba, imekomaa vizuri, Jumamosi inapaswa kuchumwa. Nimejaribu kunyoosha mikono yangu ku jua, nimeiangalia muda murefu. Haitetemeki. Basi wenye akili muniambie: niichume nipike, nitoke na sufuria yangu mikononi nikae ku kile kiti nilichoonyeshwa, ao niiache izeekee mu shamba?