Anguko la Verna Dombrowski

Kwa miaka thelathini na mmoja Verna Dombrowski alitembea kwa niaba ya watu wengine. Mwigizaji akipita kwenye skrini, Verna ndiye aliyevaa viatu na kukanyaga mbao katika chumba cha kurekodia pale Burbank, Marekani, watazamaji wasikie hatua. Mfupa ukivunjika kwenye filamu, alivunja shina la seleri, mboga inayolia kama mfupa.

Siku hiyo nyonga ilimwuma tangu asubuhi, akaficha. Angefanyaje? Trent Ashcombe, mwongozaji wa juzijuzi tu, alishamwambia kavukavu: mwanzo wa filamu ukimpendeza, kazi ni yake; usipompendeza, kompyuta inachukua nafasi.

"Bibi, nisikilize," Trent alisema. "Skrini nyeusi, pumzi tu. Halafu miguu ya kikongwe, karibu kabisa, inapanda ngazi. Miguu inatoka kwenye picha, kamera inabaki na ngazi tupu. Anaanguka, hatumwoni, tunamsikia tu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bosi."

"Mbona mara ya tisa sasa unanipa sauti ya gunia la viazi, si ya mtu?"

Fundi wa sauti akacheka. Asingecheka, naye angefukuzwa.

Taa nyekundu ikawaka. Na humo ndani taa ikiwaka, hakuna kukohoa, hakuna kujikuna, hata nyumba iungue. Verna akapanda ngazi yake ya mbao. Kwenye kipandio cha nne nyonga ikamsaliti, akaporomoka mzimamzima hadi sakafuni, puu! Mfupa wake mwenyewe aliusikia, wala haukulia kama seleri.

Kwenye skrini kamera ilikuwa bado inaitazama ile ngazi tupu. Sekunde arobaini! Hakuna aliyetikisika. Na yeye, Mungu wangu, yeye mwenyewe aliuma mkono wa sweta, machozi yakimtiririka, asije akaharibu sauti.

Taa ikazimika.

"Hiyo hiyo! Asiiguse mtu!" Trent alipiga makofi. "Kumbe unaweza, bibi! Inuka, tupate na ya akiba."

"Siwezi kuinuka."

"Aa, basi lala. Tunayo."

Trent alimpigia simu hospitalini wiki ya pili. "Tumewaonyesha watu ule mwanzo, wameruka vitini!"

"Nikitoka hapa nitakuja," Verna alisema harakaharaka. "Daktari anasema nitatembea."

"Ujisumbue ya nini? Hatua zako zote za miaka yote tumeziingiza kwenye kompyuta. Nenda kapumzike."

Verna akamshukuru. Ndiyo, akamshukuru, maskini ya Mungu, na Trent alishakata simu.