Spana Nliishika Mimi

Mimi Kidawa nauza vitambaa Mlandege. Ukija dukani kwangu na futi kamba yako sikasiriki, maana na mimi nikenda kwa mwenzangu nakwenda na yangu. Miaka kumi na sita nnapima, nshaona watu wanavyovuta kitambaa mpaka kikafika yadi ambayo haipo. Kwa hiyo daktari aliponambia atauvuta mfupa wa mume wangu urefuke, nlimtazama usoni, nkasema moyoni: haya, na huyu naye!

Mume wangu, Mmanga, ni mchukuzi bandarini Malindi. Kasha la vigae lilimwangukia mguu wa kulia, mfupa wa muundi ukasagika, ukatunga usaha, wakakata ulioharibika. Kidonda kilipopona mguu ulikuwa mfupi kwa sentimita nne. Sasa mtu anayechechemea nani atampa gunia apande nalo ngazi ya meli? Akawa anashinda kitandani, hataki hata kunyoa. Mguu ule usiporudi, basi mume wangu harudi.

Daktari Amour akatueleza. Ataukata mfupa mzima, juu ya pale palipovunjika, kisha ataufunga mguu kwa pete za chuma zenye sindano zinazopita mpaka mfupani. Kila siku tuzungushe nati, vipande viachane milimita moja, na mfupa mpya uote hapo katikati.

"Umevunjika chini, wewe unakata juu?" nkamuuliza.

"Pale juu pana damu nzuri, Bi Kidawa. Mfupa huota."

"Na usipoota?"

"Utaota, tukienda nao taratibu. Robo mzunguko, mara nne kwa siku."

Baada ya operesheni nesi, Bi Mwanakheir, akanipa spana ndogo. "Ili usisahau, fuata adhana. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi."

"Na isha?"

"Isha hapana. Mwache apumzike."

Apumzike! Adhana ni tano tangu nimezaliwa, leo wao wanifutie moja? Nkajua tu, hawa wanataka kutukawiza, tuwe wa kwenda na kurudi kwao kila siku. Wifi yangu Zuleikha akataka kunisaidia, nkamkatalia. Mwenyewe kuvaa buibui tu humchukua saa nzima. Spana nkaifunga kwenye pindo la kanga yangu. Nkazungusha kila adhana, zote tano, na kila nikizungusha natia alama kwenye daftari. Isha ndiyo iliyomuuma zaidi Mmanga. Akitafuna shuka mimi namwambia, "Vumilia, mume wangu, hawa watu hawatutakii mema."

Kila Ijumaa nlipima nafasi baina ya pete za chuma. Daktari alisema wiki moja ni milimita saba. Mimi nlipata karibu tisa! Nkafurahi, nkaona nshawazidi akili.

Wiki ya tatu tukaenda kupiga eksirei. Daktari akaiweka picha kwenye taa. Kipande cheupe juu, kipande cheupe chini, na katikati weusi mtupu. Mmanga akafumba macho. Mimi nkasimama.

"Mfupa wa mume wangu mmeupeleka wapi?"

Watu waliokuwa kwenye benchi nje wakachungulia mlangoni. Nkasema yote nliyokuwa nayo kifuani, kwamba wamekata mfupa mzima, kwamba wanatufanyia majaribio, kwamba nimeandika kila kitu. Daktari akachukua rula, akapima lile pengo, akapima tena. Kisha akaniomba daftari.

Nkampa kwa kishindo. Akapita na kidole mstari kwa mstari.

"Hizi alama tano kwa siku ni za nini, Bi Kidawa?"

"Za adhana."

Bi Mwanakheir akainamisha kichwa. Daktari akasema polepole, "Mfupa una mwendo wake. Ukiuvuta kuupita, kile kichanga kinachoota kinachanika."

Nlifahamu papo hapo. Kitambaa ukikivuta chini ya sindano ya cherehani, uzi hukatika. Hilo nawaambia wateja wangu kila siku.

"Utaota?" nkauliza.

"Tuurudishe nyuma kidogo, tusimame siku kumi, tutazame. Siwezi kukuahidi."

Tukarudi nyumbani. Hapo nkafungua pindo, nkamnyooshea Zuleikha spana. "Shika wewe, wifi. Mimi sifai." Nkalia, tena kwa sauti.

Mmanga akamwambia dada yake airudishe. "Mwachie mwenyewe. Nlikuwa na mke haamini mtu ila nafsi yake. Sasa hata nafsi yake haiamini. Huyo ndiye nnayemtaka anishikie mguu."

Zile siku kumi sikupata usingizi wala sikufungua duka. Picha ya pili ilikuwa na ukungu mweupe katikati, mwembamba, lakini upo. Nlimwambia daktari anioneshe mara tatu, kisha nkamuomba radhi mbele ya lile benchi.

Sasa nazungusha mara nne. Mmanga ameshanyoa ndevu, anaulizia habari za bandarini. Lakini isha ikiadhiniwa huacha maneno yake, akautazama mkono wangu, asiuondolee macho mpaka muadhini amalize.