Kiputo cha Gesi

Baba yangu ni fundi saa, na kwa miaka arobaini ameishi ameinamisha uso. Kwa hiyo daktari wa macho alipomwambia alale kifudifudi siku kumi, mama alicheka. "Daktari, huyu ndiyo kazi yake."

Jicho la kushoto lilikufa zamani. La kulia, lile analolivalia kioo cha kukuzia, utando wake wa nyuma ulikuwa umebanduka. Daktari aliurudisha, kisha akaingiza kiputo cha gesi ili kiushikilie mpaka ushike. Gesi hupanda juu. Uso ukiwa chini, hubonyeza panapotakiwa. Ukikaa unatazama dari, kazi yote imeharibika.

Siku mbili za kwanza baba alijitahidi kutii. Shida ilikuwa saa za ukutani. Nyumbani kwetu zipo saba, na kila moja ikigonga yeye huinua kichwa kusikiliza kama zimepishana. Nilimsihi, akaahidi, akainua tena. Mimi subira waliigawa sijafika. Siku ya tatu asubuhi, mama akiwa kazini na baba amepitiwa na usingizi, nilizisimamisha zote nikaenda sokoni.

Wema hauozi, husema watu. Wa kwangu ulioza kabla ya adhuhuri.

Nilimkuta amesimama juu ya kiti, uso juu, anapapasa kwa vidole tundu la ufunguo wa saa. Ukimya ndio uliomwamsha. "Zimekufa zote," akaniambia, kama mtu aliyefiwa. "Nahangaika nazo tangu ulipotoka."

Nilimlaza tena, na siku zilizobaki hakuinua hata shingo. Haikusaidia kitu. Tuliporudi hospitali, daktari alimtia matone ya kupanua mboni, akachungulia muda mrefu, kisha akazima taa yake. Utando ulikuwa umebanduka tena na kujikunja, na hakuna gesi wala mafuta ya kutia jichoni ambayo yangeurudisha.

"Mzee, uliinuka?"

"Niliinuka," baba akasema. "Ukaidi wangu mwenyewe."

Mama alimgombeza mpaka kwenye ngazi, halafu akatangulia ili tusimwone analia. Mimi nilimshika baba mkono. Nilikuwa naona aibu hata kumhesabia vidato. Saa zote saba hazisimami kwa pamoja zenyewe. Hilo hata asiye fundi analijua.

Aliniminya vidole. "Mama yako usimwambie," akasema.