Mwaka mzima nimeandika fanfic ya Maganga, mpagazi wa angani. Leo naambiwa hajawahi kusema neno

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Nilikuwa nimeapa sitatia mguu tena kwenye jukwaa hili. Ila kuna jambo ukilinyamazia linakugeukia kiungulia. Ninachosimulia kimenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Tabora, na chumvi sijaongeza. Mwenye hamu ya chumvi aende kwenye uzi wangu wa hadithi, huko ndiko nilikoimwaga.

Kwa wasionijua: mimi ni dada wa mtaa wa Chemchem, nauza vipuri vya baiskeli na pikipiki mjini. Kazi yangu ni kusimama kaunta na kumwelewesha mtu kwamba bearing aliyoing'ang'ania si ya pikipiki yake. Akiondoka huyo, kabla hajaja mwingine, niko kwenye simu naandika.

Mwaka jana nilianza kuandika fanfic. Yaani unachukua series ya watu, wahusika wa watu, unaiendeleza hadithi kwa akili yako kuanzia pale walipoiachia. Huuzi. Na kila sehemu mimi nilianza kwa kuandika: wahusika si wangu, nimeazima tu.

Series yenyewe ni ya mambo ya anga. Meli kubwa inahangaika kati ya nyota na nyota, haina bandari ya kurudi. Niliipata kwenye flashi, imetafsiriwa na DJ.

Walioko ughaibuni wakasahau mambo ya nyumbani niwakumbushe. DJ anachukua kipaza sauti, anazima sauti za wazungu, anaongea yeye kwa Kiswahili. Nahodha ni yeye, adui ni yeye, bibi harusi ni yeye. Katikati ya vita anataja namba yake ya simu. Ndizo muvi zilizotulea, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo.

Sasa kwenye hiyo meli kuna mmoja, DJ alimwita Maganga. Jitu la kijivu, mikono minne, uso umefunikwa na chuma kuanzia puani kushuka chini. Kazi yake kubeba mizigo ya wenzake. Wakishuka kwenye sayari, wao wanashika bunduki na ramani, Maganga anashika kila kilichobaki.

Maneno yake machache, lakini yanakaa. Kuna episode wenzake wanakula, yeye amesimama mlangoni. Anasema: "Mimi nilitoka kwetu na mzigo begani. Mama alibaki ananiangalia. Nilimwambia nitarudi."

Nilikuwa nakunja nguo. Nikaziacha, nikakaa chini.

Jamani, mimi ni Mnyamwezi. Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu za watu kutoka huku mpaka pwani kwa miguu. Waliobebewa wameandikwa kwenye vitabu, wengine wana hata picha. Yeye tunamjua kwa kusimuliana tu nyumbani, tena kila shangazi na lake. Kwa hiyo huyo Maganga, tena mwenye jina la kwetu, sikuhitaji kutambulishwa.

Basi series ikafika season ya tatu, ikakatwa. Wenyewe hawakuendelea. Maganga yuko njiani, mama yupo anangoja, mwisho.

Nikasema haiwezekani. Kama wenye series wamechoka, mimi nitamrudisha.

Nikaandika. Meli yangu ikatembea kama msafara wa zamani: kirangozi mbele anaonyesha njia, ngoma inalia wakikaribia kituo, kila sayari ina mtemi wake na masharti yake. Kuna sayari ambayo visima vyote vilikuwa vya chumvi. Kuna ambayo huruhusiwi kupita mpaka ucheze na wenyeji. Na kila sehemu Maganga anasogea kidogo kuelekea kwao.

Watu wakaja. Kuna dereva wa lori la pamba aliniandikia kwamba akifika Igunga anapaki pembeni, anasoma kwanza ndipo anatafuta chakula. Kuna mwalimu alisema wanafunzi wake wanamuuliza habari za Maganga kuliko za mitihani. Hapo sijui nifurahi au niombe msamaha.

Na kuna mama yangu mzazi, yuko kijijini Ziba. Simu yake ni ya tochi, kwa hiyo nilikuwa nampigia na kumsomea. Habari ya nyota haimhusu hata kidogo. Mitambo nikiitaja anakohoa ili niruke. Yeye swali lake lilikuwa moja tu: "Huyo kijana kafika?"

Nilibakiza sehemu ya mwisho. Maganga ameshaiona sayari yao kwa mbali.

Ndipo akatokea huyo anayejiita Kamanda_Obiti. Mnamjua, yule anayesahihisha watu kwenye kila uzi wa mambo ya anga. Hakusalimia. Aliandika hivi:

"Dada pole sana. Huyo unayemwita Maganga hana jina, wanamwita kwa namba. Na HAONGEI. Season zote tatu hajatamka neno hata moja. Hana mama. Hana kwao. Umeandika fanfic ya DJ."

Akaambatanisha kipande cha series halisi, kile kile cha watu wanakula. Nikabonyeza.

Wakuu, wamekaa wanakula, wanacheka kwa Kiingereza chao. Jitu limesimama mlangoni. Linasikika vuuuuu la mashine. Halisemi kitu. Picha inahamia kwa nahodha.

Nilirudia kuangalia labda sauti ya simu ilikuwa ndogo. Wapi.

Sasa nisikilizeni. Sikatai kwamba alisema kweli. Mimi si mjinga. Angenifuata inbox akasema "dada, kuna hili," ningemshukuru na asali ningemtumia, tena ile ya mwituni. Lakini yeye alitaka watu wamwone anajua. Na watu wakamwona, wakashangilia.

Screenshot zikaanza kuzunguka. Picha ya jitu limevishwa kitenge, limeandikwa "Mama Maganga." Mwingine akauliza kama sehemu ijayo Maganga ataenda mnadani kuuza ng'ombe. Waliokuwa wananisifia jana yake wakaingia mitini, hata yule mwalimu.

Halafu akaja mmoja akaandika: "Ndiyo shida ya watu wa mikoani, hadithi za sayansi wanazisomea kibanda umiza."

Yaani vile vibanda vya mtaani vya kulipia kutazama video. Hiyo iliniuma mpaka leo inaniuma. Mikoani! Kwani nyota zinaonekana Dar peke yake? Nyie taa zenu zimewafunika mpaka anga hamlioni, sisi huku tunaliona lote, halafu mnatufundisha mambo ya anga!

Nilikasirika pale kaunta. Mteja kaomba mnyororo, nikampa pedeli.

Nikawaandikia moderators: futeni uzi wangu wote, kuanzia sehemu ya kwanza. Wakajibu kwa ustaarabu kwamba watafuta Jumapili, nikibadili mawazo niwaambie kabla, maana ukishafutwa haurudi. Nikasema sibadili. Mwaka wangu mzima uende zake.

Ila kabla ya Jumapili nikampigia DJ. Namba ninayo, anaitaja kila baada ya dakika chache, utaikosaje.

Akapokea. Nikamwaga yote bila kuvuta pumzi: kwamba nimemwandika Maganga mwaka mzima, kwamba ameniaibisha, ameongopa, amemwekea mtu maneno mdomoni wakati hata mdomo wenyewe hauonekani.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Dada, unapiga kutoka wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo, kwa nini?"

Akacheka mpaka nikatoa simu sikioni. "Mtani wangu! Mimi Mzaramo wa Kisarawe! Nilijua tu siku moja mtakuja kumdai ndugu yenu. Mlipita kwetu na mizigo kichwani, naona hata mbinguni wamewaajiri kazi ile ile!"

Wakuu, hapo nilikwama. Wazaramo ni watani zetu tangu enzi hizo za misafara, na mtani akikutania huna ruhusa ya kununa. Ukinuna wewe ndiye uliyekosa malezi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, sasa naanzia wapi? Nikamwambia tu kwamba ndiyo, tulibeba, na nyie mlikaa kivulini mnakula nazi mnatuhesabu.

"Haswaa!" akasema.

Tulivyotulia nikamuuliza kistaarabu: kwa nini ulimpa maneno?

"Sikiliza, mtani. Kwanza biashara. Mtu akitokea kwenye skrini na mimi nimenyamaza, wateja wanasema spika imekufa, wanadai flashi nyingine. Kwa hiyo mwanzoni kabisa ilikuwa utani tu, nikamwita Maganga, nikamfanya alalamikie mgongo. Halafu ikafika ile episode ya chakula. Wote wamekaa, yeye mlangoni. Nikaona aibu, dada. Mimi niko peke yangu chumbani na kipaza sauti, nikaona aibu kama nimekaa nao mezani. Nikasema, huyu angalau awe na mama."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Sasa mimi ndiye niliyemuahidi mama yake kwamba atarudi," akaendelea. "Na wazungu wameikata. Wewe umefikia wapi?"

Nikamwambia uzi nimeufuta. Yaani, unafutwa Jumapili.

Akasema "Ah," basi.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Ziba. Nilitaka nimwambie mama ana kwa ana kwamba hakuna sehemu ya mwisho, asije akaingoja.

Nikamkuta uani anaanika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, anapigana na kuku. Nikapiga goti.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka. Kalunde, kamata hilo jogoo kwanza."

Nikalifukuza jogoo. Nikamweleza yote, taratibu. Kwamba Maganga si Maganga. Kwamba wenye series hawakumpa jina, wala mama, wala kwao. Anabeba tu, haongei. Maneno yote ni ya Mzaramo mmoja wa Kisarawe.

Mama akaacha kuanika.

"Hao wa kwenye meli wamekaa naye muda gani?"

"Muda mrefu, mama. Miaka."

"Anawabebea?"

"Anawabebea."

"Na hakuna aliyemuuliza, 'Wewe wa nani?'"

Kwa wasio wa huku: kwetu mgeni akipita hata kama anaomba maji tu, anasalimiwa, halafu anaulizwa ni mtoto wa nani, wa wapi. Ni salamu yenyewe. Usipomuuliza ni kama hujamwona. Mama yangu humuuliza hata konda wa basi.

"Hakuna, mama," nikasema.

Alikasirika, wakuu. Mimi nilidhani nina hasira, kumbe nilikuwa najaribu tu.

"Watu wazima! Wana meli inayofika kwenye nyota, na mdomo wa kumuuliza mtu kwao hawana! Mtu anasimama mlangoni wanakula! Huyo Mzaramo ana adabu kuliko wote."

"Sasa wananicheka mama, ndiyo maana naufuta."

Akanitazama kama vile nilikuwa nimekanyaga michembe yake.

"Wao hawakumuuliza. Wewe umemuuliza, umemjua mpaka kwao, sasa unamfuta kwa sababu umechekwa. Kati yako na hao wenye meli, nani mbaya?"

Kisha akaendelea kuanika. Chakula alinipa kwa kukibwaga.

Nikawaandikia moderators pale pale uani, nimesimama juu ya ndoo kutafuta mtandao: msifute.

Sehemu ya mwisho nimeiandikia Ziba, na nimeiweka jana. Wa kwanza kuisikia alikuwa mama, nilimsomea tumekaa ukumbini. Maganga anafika kwao jioni. Mama yake hamtambui, ataanzaje kumtambua na lile chuma usoni? Anaona jitu tu na mizigo. Lakini anamkaribisha, anampa maji, anamuuliza kama anavyoulizwa mtu yeyote, wewe wa nani.

Maganga anatua mzigo kwanza. Halafu anasema, "Wako."

Mama yangu alifuta macho kwa khanga, akasema moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

DJ ameniandikia anaomba airekodi sehemu hiyo kwa sauti yake. Nimemkubalia, kwa sharti kwamba asitaje namba yake ya simu wakati mama anafungua mlango. Anasema masharti ya Wanyamwezi ni mazito kama mizigo yao.

Na Kamanda_Obiti amekuja, tena bila salamu: "Hii haimo kwenye series."

Nimemjibu: najua, ndiyo maana nimeiandika.

Nilichojifunza ni hiki, mkitaka kitumieni, hamtaki kiacheni. Kuijua series ya watu neno kwa neno ni jambo zuri, sibezi. Lakini kama umeitazama yote, season tatu, ukamwona yule mtu amesimama mlangoni, na kilichokuuma ni kwamba mimi nimempa mama, basi tatizo si kibanda umiza. Na ninyi mnaoandika huku mikoani, mkichekwa kasirikeni, ni haki yenu, ila msifute.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye kupinga apinge, mwenye kusahihisha asahihishe, nitajibu nikiwa kaunta. Ila nitaanza kwa kumuuliza kila mmoja ni wa nani na katokea wapi, na asiyetaka kuulizwa apite tu.