Injini Tatu na Kilima Kimoja

Kwenye yadi ya magari walimwita Farasi, na si kwa sababu ya mbio. Ni mdomo wake uliompa jina. Mteja aliyeuliza tu kama gari lipo la rangi nyeupe, yeye alimjibu kwa nguvu za farasi. Kati ya magari ya kuuza, moja alilipenda kuliko yote, gari la familia, si dogo si kubwa, la watu watano, ambalo lilikuja na injini za aina tatu, mteja achague yake. Ya kwanza ya lita moja na nusu, hainywi mafuta ovyo lakini ikiona mlima inaanza kuomba radhi. Ya pili ya lita mbili yenye turbo, ukiigusa kidogo inakubandika kwenye kiti. Ya tatu haibridi, petroli na mota ya umeme zikivuta kwa pamoja, na hii ndiyo iliyokuwa na nguvu kupita zote. Takwimu zake alizimwaga kwa kichwa bila kutazama karatasi. Kazini hakuwa na mpinzani. Nyumbani, tusidanganyane, alikuwa kama mpangaji.

Nyumbani alikuwa na mke na binti wa miaka saba ambaye miguu yake haikuwahi kumbeba. Binti alikaa kwenye kiti cha magurudumu, cha aina isiyokunjwa, kilichoundwa kufuata mgongo wake. Mama yake ndiye aliyemsukuma shuleni, kliniki na dukani, juu ya mawe na madimbwi. Farasi kila siku alikuwa na udhuru: leo mteja, kesho mkutano, keshokutwa kiuno. Ukweli ni kwamba aliona haya kutazamwa barabarani. Haya hiyo hakumwambia mtu, na yeye mwenyewe alijifanya haijui.

Muuza magari huyo, mwenyewe alikuwa na stesheni wagoni kuukuu, gari refu lenye buti pana, ambayo asubuhi haikuwaka mpaka isukumwe. Farasi alishika usukani na kukanyaga klachi, mkewe akasukuma kwa nyuma. Asubuhi moja ya mvua gari likagoma katikati ya njia, nyuma wanapigiwa honi. Mke akaondoa mikono kwenye gari, akaja mpaka dirishani.

"Nimechoka kusukuma," alisema. "Nasukuma peke yangu."

Jioni Farasi alikuta kabati limebaki na hanga tupu. Mke na mtoto walikuwa wamekwenda kwa mama mkwe, kwenye mtaa ulio juu ya kilima kirefu upande wa pili wa mji.

Mtu mwingine angeikalia kauli ile akajiuliza maswali mawili matatu. Farasi hakuhitaji kujiuliza. Mke amechoka kusukuma gari, basi dawa ni gari lisilosukumwa. Nampa lawama, lakini namwonea huruma pia, maana kichwa chake kilikuwa na chumba kimoja tu na chumba hicho kilijaa injini.

Miezi mitatu ilimwonyesha cha mtema kuni. Alipiga simu hazikupokelewa. Alituma ujumbe, ukasomwa, ukaachwa hivyo hivyo. Chakula kilimshinda, akawa anakunywa chai kwa kusimama. Siku moja alikuta soksi ya mtoto nyuma ya kochi, akaketi nayo sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi. Aliogopa. Aliogopa kwamba binti ataizoea nyumba isiyo na yeye, na woga huo ulimkaba hata akiwa mbele ya wateja, akawa anakatisha sentensi na kusahau alikuwa anasema nini.

Hatimaye mke alipokea simu. Hakugomba. Alisema Farasi aje Jumamosi mchana. Akiona kweli kuna kilichobadilika, yeye na mtoto watapanda gari warudi naye siku hiyo hiyo. Asipoona, wasisumbuane tena.

Farasi alikwenda kwa meneja, mkono kifuani, akaomba apewe gari lake, lile la familia, achague injini mwenyewe, liandikwe kwa jina lake na alilipe kwa kukatwa mshahara. Meneja alimtazama mashavu yalivyombonyea, akakubali. Basi kwa siku tatu, kila muda wa chakula cha mchana, Farasi alipanda kilima cha mama mkwe na injini moja, huku kiti cha nyuma amepakia mifuko ya saruji ili uzito uwe wa familia nzima. Ile ndogo ilipanda ikihema. Ya turbo ilipanda kwa vishindo, akahofia mtoto atashtuka. Ya haibridi ilipanda kama vile hakuna kilima. Pale juu alisimamisha gari, akalia. Alikuwa na uhakika amepona.

Jumamosi alifika gari linang'aa. Alimwamkia mama mkwe, akaitikiwa kwa upole, na akaona begi la nguo limeshawekwa kibarazani. Mkewe alikuwa amevaa vizuri, mtoto amesukwa. Farasi alianza kueleza nguvu za farasi, za petroli ngapi, za umeme ngapi, na kwamba kuanzia leo hakuna wa kusukuma. Mke alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamnyanyua binti kwenye kiti chake, akamkalisha nyuma ya gari, akamfunga mkanda. Farasi alidhani anaota.

Mke akasukuma kiti kitupu mpaka nyuma ya gari, akafungua buti.

Betri ya ile mota ya umeme ilikuwa imekula nusu ya buti. Jambo hilo Farasi alikuwa akiwaambia wateja kila siku ya Mungu: ukichukua haibridi unapata nguvu, unapoteza nafasi ya mizigo. Mke alijaribu kukiingiza kiti kwa ubavu, kikagota. Akakigeuza juu chini, kikagota. Farasi akaja mbio, akajaribu mlango wa nyuma, akajaribu wa mbele, akaparuza rangi ambayo haikuwa na wiki. Jasho lilimtoka. Alisema watakifunga juu ya paa kwa kamba. Alisema Jumatatu atabadilisha achukue ile ya turbo, ambayo buti lake ni zima. Alisema hata ile ndogo inafaa, ni kupanda polepole tu.

"Lile bovu lilikuwa linambeba na kiti chake," mke alisema.

"Nimesahau tu, mke wangu. Nilikuwa nafikiria kilima."

"Ulidhani nimechoka kusukuma gari?"

Farasi akakishusha kiti chini, akakisimamisha kwa magurudumu yake.

Mke hakungoja jibu. Alimfungua mtoto mkanda, akamrudisha kwenye kiti, akaliendea begi pale kibarazani. Mama mkwe alikuwa ameshalishika kulirudisha ndani.

Farasi alisimama na binti yake uani. Akaona jambo moja tu limebaki la kufanya, na akalifanya kwa haraka kabla halijampita. Alizunguka nyuma ya kiti, akashika vishikio, akasukuma. Kiti hakikwenda. Akasukuma kwa nguvu zaidi, kikainama mbele, mtoto akashika pembeni asianguke.

"Kuna breki, baba," binti alimwambia taratibu, kama anavyoelekezwa mgeni. "Mbili. Huku na huku. Unaziachia kwanza."

Aliinama kuzitafuta. Alipapasa chini ya kiti, akapapasa kwenye gurudumu, hakuziona. Bado alikuwa amepiga magoti pale mkewe aliporudi, akaziachia zote mbili kwa ncha ya kiatu bila kutazama, akamsukuma mtoto ndani.